Wa Nne ni Nani

Wimbo uliletwa Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya flashi nyekundu iliyofungwa uzi. Aliyeuleta ni Karisa, kijana wa Kakuyuni aliyezoeleka kuimba kwenye harusi na matanga. Alisimama mbele ya kibanda cha Kahonzi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umetuletea nini leo?"

"Mpya. Nimeutoa studio juzi. Redioni wameniambia nirudi mwezi ujao."

"Redioni kila mtu huambiwa arudi mwezi ujao," Kahonzi alisema, akaichomeka flashi kwenye kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kujaza nyimbo katika flashi na kadi za simu za watu: waendesha bodaboda, wenye tuktuk, wapiga muziki wa harusini. Nyimbo za wakubwa wa Nairobi na Dar es Salaam kila mtu alikuwa nazo. Watu walimfuata Kahonzi kwa zile zisizopatikana kwingine, za vijana wa Vitengeni, wa Ganze, wa Mambrui, waliorekodi katika vyumba vilivyozibwa kwa magodoro, bila meneja wala kampuni. Wimbo ukipigwa kwenye spika yake Jumanne, Jumamosi ulichezwa harusini. Wanamuziki walilijua hilo, na yeye alijua kwamba wanalijua.

Hakuwa na muda wa kusikiliza wimbo mzima. Aliuonja kama mchuzi, mwanzo kidogo na kiitikio, basi. Huu wa Karisa ulianza kwa ngoma ya mwanzele, polepole, kisha sauti ikaingia:

*Mmoja kaenda, wa pili kaenda,*
*wa tatu kaenda hata hakuaga;*
*tsawe, tuambie, wa nne ni nani?*

Kahonzi alijikuta akitikisa bega. Kule kumwita babu kwa Kigiriama, *tsawe*, katikati ya Kiswahili, kulimpendeza. Alidhani ni wimbo wa vijana wanaokwenda Uarabuni mmoja mmoja kutafuta kazi.

"Huu utatembea," alisema.

Karisa alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama aliyetaka kuuliza neno, kisha akasema, "Ahsante, dada," akaondoka.

Kahonzi akaielekeza spika barabarani. Kufika Jumatano jioni alikuwa ameuweka katika flashi zaidi ya sitini.

*

Nyumbani waliishi watatu: Kahonzi, mumewe Masha, na baba mkwe wake, Mzee Mwambire, ambaye shamba lilikuwa lake. Kwa miaka ishirini na sita Mzee Mwambire alikuwa dobi katika hoteli moja ya Malindi, akiosha na kunyoosha mashuka ya Wataliano. Alipoacha kazi alinunua ekari tano Kakuyuni, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, na hadi leo alivaa shati jeupe kila siku na kulipiga pasi ya makaa yeye mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa pasi ile. Masha alikuwa fundi mwashi, lakini kiuno kilikuwa kimemharibikia kwa kubeba mawe, na tangu mwaka mpya alipata kazi siku moja na kukosa siku nne.

Jumatano hiyo, Kahonzi alipokuwa akipakua sima, aliimba bila kufikiri: "Tsawe, tuambie, wa nne ni nani."

"Huo nao una kitendawili," Mzee Mwambire alisema. Alipenda nyimbo mpya za mkaza mwanawe, na kila jioni alimwuliza kilicholetwa. "Jibu lake nini?"

"Sijui, Baba. Wa Karisa huo."

"Karisa ana sauti. Sauti anayo."

Masha alikuwa amelimega tonge na kulishika mkononi. Alilirudisha katika sahani. Akasema kiuno kinamuuma, akainuka kwenda kulala kabla jua halijazama vizuri. Kahonzi alimfunikia chakula chake.

Siku ya pili yake Mzee Mwambire alikwenda kusaga mahindi, akarudi na gunia lile lile, halijasagwa.

"Kinu kimeharibika?" Kahonzi alimwuliza.

"Kinu kinafanya kazi. Kijana wa kinu ameniambia niweke gunia nje, niende, watanisagia. Nikasema nitangoja kama watu wengine. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakasogea. Wote. Mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa leso." Alipangusa jasho kwa kitambaa kilichokunjwa pembe nne. "Nilijinusa, nikadhani labda nanuka."

"Hunuki, Baba."

"Hapana, sinuki. Nimeoga asubuhi."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefanya hesabu isiyokubali. Kahonzi alidhani ni mambo ya foleni, watu na mabishano yao. Alilichukua gunia, akampelekea jirani amsagie.

*

Zipporah alikaanga mahamri hatua chache kutoka kwenye kibanda. Walikuwa wakisali kanisa moja, na mara nyingi walinywa chai pamoja. Ijumaa asubuhi Zipporah hakuleta chai. Alikuja mikono mitupu, akasimama upande wa nyuma ambako watu wa barabarani wasingemwona.

"Kahonzi, nikuulize. Na usinikasirikie."

"Uliza."

"Wimbo huu unaoupiga. Umeusikiliza mpaka mwisho?"

"Wa Karisa? Nimeuonja. Kwa nini?"

Zipporah alitazama chini. "Yule kijana wa bodaboda anayeitwa Wangu jana ameanguka na pikipiki kule daraja la chini. Mguu umevunjika mara mbili. Watu wanasema alikosa kidogo tu kuwa wa nne. Na wewe unaendelea kuupiga. Wengine wanasema una roho ngumu. Wengine wanasema unaupiga makusudi, umechoka kukaa naye."

"Kukaa na nani?"

"Usikilize mpaka mwisho," Zipporah alisema, akarudi kwenye mafuta yake.

Kahonzi alizima spika, akavaa visikizio, akaanza mwanzo. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mafumbo: nyumba inayokula wenyewe, mti unaoangusha matunda mabichi. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Ngoma ikapungua, karibu ikanyamaza, na Karisa akaimba taratibu kama anayesimulia:

*Dobi wa hotelini, shati jeupe mwilini,*
*mkewe yu mchangani, mwanawe yu mchangani;*
*jioni mjukuu kampaka dawa kifuani,*
*alfajiri mtoto baridi kitandani.*

Kisha kiitikio kikapanda tena kwa vigelegele. Wa nne ni nani.

Kahonzi hakuvua visikizio. Alikaa akiangalia skrini, ambako wimbo ulikuwa umekwisha na mwingine umeanza wenyewe, wa mapenzi. Mteja alikuja, akasema jambo, akangoja, akaondoka.

Mke wa Mzee Mwambire alikufa kwa presha. Mwanawe wa kwanza, Kambi, alikufa kwa sukari, baada ya kukatwa mguu. Hayo kila mtu Kakuyuni aliyajua. Wa tatu alikuwa Mbeyu, binti wa Kahonzi na Masha, aliyekufa Juni ya mwaka jana kwa homa na kifua, akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Jioni ile kabla hajafa, babu yake aliingia na kopo dogo la dawa ya kupaka, akaipasha viganjani, akampaka kifuani akimwimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya upepo. Humo chumbani walikuwa wanne: mtoto, babu, Kahonzi na Masha. Kahonzi hakuwahi kumwambia mtu habari za dawa ile, hata mama yake mzazi.

Alivua visikizio taratibu, akaviweka mezani. Kutoka upande wa pili wa barabara, kwenye pikipiki iliyokuwa ikisubiri abiria, wimbo ule ule ulikuwa ukipigwa. Ni yeye aliyemjazia dereva wake.

*

Kahonzi alimkuta Karisa Malindi, katika studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Alipomwona tu, kijana aliondoka kwenye kipaza sauti na kutoka nje.

"Nani alikupa maneno?" Kahonzi aliuliza. Salamu hakutoa.

"Dada, mimi nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Nilikuletea wewe kwanza. Makusudi. Nikasema, akiukataa, nauacha. Nilikutazama usoni. Ukasema utatembea. Nikajua basi, ni neno la nyumba nzima, mmekubaliana."

Kahonzi alihisi maneno hayo yakimwingia mahali pasipo na mfupa. "Nani alikupa maneno, Karisa?"

Kijana alitoa simu. Alitafuta, akarudi nyuma, akaipata sauti iliyorekodiwa wiki tatu nyuma. Ilikuwa ya Masha. Ilikuwa ikitamka mstari mmoja mmoja, ikisimama, ikirudia, kama mwalimu anayewasomea watoto imla. *Jioni mjukuu. Kampaka dawa. Kifuani.* Kulikuwa na mlio wa kuku. Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke ikaita: "Baba Mbeyu, chakula tayari." Na Masha akajibu, "Naja," akakata.

Kahonzi aliitambua sauti yake. Aliikumbuka hata siku yenyewe, walikula mchicha wa nazi.

"Alilipia studio," Karisa alisema. "Mimi sikuchukua kitu juu yake. Nilitaka wimbo tu, dada. Kila nikiimba mapenzi wananiambia nyimbo kama hizo zimejaa. Nikiimba kitu cha kweli..."

"Kweli gani?"

Karisa aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake.

"Wewe ni mtoto wa Kakuyuni. Mzee akiimbwa hivi, kinachofuata hukijui?"

"Nakijua," Karisa alisema kwa sauti ndogo. "Nitaufuta. Nilipouweka kwenye mtandao nitautoa sasa hivi, ukiwa unaona." Aliutoa kweli. Kisha akaongeza, bila ubaya, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: "Lakini ulio kwenye flashi za watu siwezi. Huo umeugawa wewe."

*

Masha alikuwa nyuma ya nyumba akinoa mwiko wake wa uashi ambao haukuwa na kazi ya kufanya. Ilikuwa saa nane mchana. Kahonzi alisimama mbele yake na mkoba bado begani.

"Nimesikia sauti yako kwenye simu ya Karisa," alisema. "Na yangu nimeisikia. Nakuita ule."

Masha aliendelea kunoa mara mbili, tatu, kisha akauweka mwiko chini.

"Sikutaka aguswe," alisema.

"Ulitaka nini?"

"Ahame. Aogope kidogo, ahamie Vitengeni kwa dada yake. Kule ana watu. Kuna mtu wa mjini anataka shamba hili, ajenge nyumba za wageni. Amekuja mara nne. Baba hataki hata kumkaribisha kiti. Nimemwomba auze nusu, hataki. Nimemwomba ekari moja, nipate tuktuk, nikae nikiendesha, kiuno hiki kimekufa, Kahonzi, unakiona. Akaniambia nitafute kazi kama wanaume wengine. Mbele ya yule mtu aliniambia hivyo."

"Kwa hiyo ukamtia Mbeyu ndani."

Masha alifumba macho.

"Yale mengine ungeweza kuyatoa popote," Kahonzi alisema. "Mama yako, kaka yako, hayo wanayajua hata wapita njia. Lile la dawa ulilitoa chumbani mwetu. Ulikuwa umekaa kitandani, mtoto umempakata wewe. Babu yake alipompaka, ulisema 'ahsante, Baba'. Nilikusikia."

"Karisa alisema maneno yanataka kitu cha kushika. Kitu ambacho mtu akisikia ataamini." Masha alisema hayo kwa haraka, kisha akaonekana kushtuka kwa alichokisema. Akaitafuta njia nyingine. "Na si mimi niliyeupiga barabarani siku tatu."

Kahonzi alimpiga kofi. Hakuwa amewahi kumpiga mtu mzima maishani mwake. Mkono ulimuwasha, na Masha hakuinua wake.

"Kahonzi," sauti iliita.

Mzee Mwambire alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, na kitambaa chake mkononi. Alikuwa na uzito wa masikio, lakini macho yalikuwa mazima.

"Nimekwenda dukani," alisema. "Mwenye duka hakuipokea pesa mkononi mwangu, ameniambia niiweke juu ya kaunta, akaishika kwa karatasi. Nikamwuliza sababu. Akasema nikamwulize mkaza mwanangu, ndiye mwenye wimbo. Niwekee huo wimbo."

"Baba, hauna maana."

"Niwekee wote."

Alikaa kwenye kigoda, akaishika simu ya Kahonzi na kuibana sikioni kwa viganja viwili. Walimwona akisikiliza. Mguu wake ulianza kufuata ngoma, kama ulivyozoea, kisha ukasimama. Wimbo ulipokwisha alisema, "Rudia." Akausikiliza tena mpaka mwisho, akamrudishia simu.

"Sauti ni ya Karisa," alisema. "Maneno ni ya nyumbani."

Mzee alimtazama Kahonzi, na Kahonzi akatikisa kichwa kidogo sana. Basi akamgeukia mwanawe, akakaa akimwangalia kwa muda mrefu, si kwa hasira, kwa mshangao, kama mtu aliyeinua shuka lake mwenyewe kitandani akamkuta nyoka.

"Nilimpaka," alisema. "Ni kweli nilimpaka. Alikuwa akikoroma kifua."

*

Alasiri hiyo Masha alikwenda dukani akarudi na pakiti ya piko, ile ambayo wanawake hujipambia mikono na wazee wa huko, kwa miaka ya karibuni, hupakia mvi zao wasishukiwe uchawi. Aliiweka mezani bila kumtazama mtu.

"Apake," alimwambia Kahonzi. "Mzee mwenye nywele nyeusi hawamsumbui sana. Wengi wanapaka."

Mzee Mwambire alisikia. Aliichukua pakiti, akasoma maandishi yake yote kama alivyosoma kila kitu, kisha akavua shati, akalitundika kwenye kamba, akabaki na fulana.

"Nipake wewe," alimwambia Masha.

"Kahonzi atakupaka vizuri zaidi, Baba."

"Wewe."

Masha alichanganya piko kwenye bakuli la plastiki. Alisimama nyuma ya baba yake uani, mchana kweupe, akaanza. Nywele zilikuwa chache na laini. Piko ilimtiririka mzee shingoni, na Masha akawa anaipangusa kwa kidole.

"Mikono yako imekuwa mizito," Mzee Mwambire alisema. "Ni mawe hayo. Ulipokuwa na mapunye nilikupaka hivi hivi, ukilia. Ulikuwa mtoto wa kulia sana. Kambi hakuwa hivyo."

Kahonzi, aliyekuwa jikoni, alimwona Masha akiegemea ukuta mara moja, kisha akiendelea. Kazi ilipokwisha, baba yake aliomba kioo, akajitazama upande huu na huu.

"Nafanana na mwizi," alisema, akarudisha kioo.

Kahonzi alikwenda kwa naibu wa chifu jioni ile ile akamweleza mambo yote, hata la sauti kwenye simu. Naibu aliandika. Alisema kuna nyumba inayowahifadhi wazee wa namna hii, atapiga simu, na gari linaweza kuja Jumamosi mchana. Akamshauri wasimwache mzee peke yake hata dakika moja.

*

Walikuja kabla ya gari. Ilikuwa saa tatu asubuhi, pikipiki nne, vijana wanane, na wimbo ukipigwa. Waliziacha injini zikinguruma uani. Aliyeongoza alikuwa kaka yake Wangu, kijana ambaye Kahonzi alimfahamu vizuri, kwani kila Jumatatu alikuja kujaziwa flashi. Alikuwa na panga ndani ya gunia, na alilishika bila kulitoa.

"Mama Mbeyu, hatuna neno na wewe," alisema. "Mwambie mzee atoke."

Kahonzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeishika miimo yote miwili. "Kwa sababu gani?"

"Sababu unayo wewe. Umetuuzia mwenyewe."

Mzee Mwambire alikuwa ndani, ameketi kitandani na shati lake lililonyooshwa. Masha alikuwa nyuma ya Kahonzi. Kahonzi alihisi pumzi yake shingoni na akadhani hatatoka. Lakini alimgusa bega, akapita, akatoka uani.

"Zimeni," alisema.

Mmoja alipunguza sauti.

"Maneno ya wimbo huo ni yangu," Masha alisema. "Nilimpa Karisa mimi. Nilitaka Baba ahame ili niuze shamba. Mama alikufa kwa presha, makaratasi ya hospitali yako ndani. Kambi alikuwa na sukari, wengine wenu mlimbeba kumpeleka kukatwa mguu. Mtoto wangu alikufa kwa homa. Baba alimpaka dawa ya kikohozi ya dukani, nami nikamshukuru. Hajamuua mtu. Ni mimi niliyesema uongo. Kama mnataka kumfanya mtu kitu, mimi hapa."

Alisema yote bila kusimama, mikono imening'inia. Kahonzi aliona nyuso za vijana. Alingoja zibadilike, na zilibadilika, lakini si kwa namna aliyoitarajia. Mmoja alirudi nyuma hatua mbili. Mwingine alitema mate chini. Kaka yake Wangu alimtazama Masha kwa huruma ya kweli.

"Mnamwona?" aliwaambia wenzake, sauti imemshuka. "Ndiyo kazi yake hiyo. Amemfunga mpaka anajitoa yeye mwenyewe."

"Sijafungwa," Masha alisema.

"Mtu gani mwenye akili zake atamtungia babake wimbo kama huu, halafu aje aseme? Pole, ndugu yangu. Si wewe unayesema."

"Ni mimi. Sikilizeni simu ya Karisa, nimo."

"Hata kwenye simu alikuwa anakuongoza."

Masha alimgeukia Kahonzi kana kwamba yeye angekuwa na neno jingine, neno ambalo lingeingia. Kahonzi hakuwa nalo. Alikuwa akielewa, pale mlangoni, kwamba ukweli wote umekwisha kusemwa, hakuna uliobaki, na haukutosha.

Hawakuingia. Labda lile la Masha liliwatisha, labda ni Kahonzi aliyekataa kuiachia miimo. Kaka yake Wangu alilitoa panga, akaikata kamba ya nguo kwa pigo moja. Mashati manne meupe yalianguka mchangani, na pikipiki zikageuka juu yake moja baada ya nyingine.

"Jua likizama tusimkute," alisema.

*

Gari lilifika saa saba. Lilikuwa na dereva, naibu wa chifu, na nyuma kulikuwa na mzee mwingine kutoka upande wa Ganze, nywele nyeusi tititi na nyusi nyeupe, aliyeketi na furushi magotini bila kuuliza kitu. Mzee Mwambire alimwamkia kama wenzi wanavyoamkiana. Kahonzi alikuwa amefunga mkoba wake na wa baba mkwe.

"Wewe unakwenda wapi?" Masha alimwuliza.

"Nampeleka. Halafu nitakwenda kwa mama."

"Utarudi lini?"

"Sijui, Masha. Sijui kama narudi."

Majirani walikuwa wamesimama nje ya ua, mbali kidogo, wakitazama. Hakuna aliyezomea, wala aliyekuja kuaga. Zipporah peke yake alisogea, akampa Kahonzi mahamri ndani ya gazeti, akarudi mahali pake haraka.

Mzee Mwambire alitoka akiwa amevaa shati lililobaki. Masha alitaka kumbebea begi, na baba yake akamwachia alibebe mpaka kwenye gari. Hapo Masha alishindwa. Alipiga magoti mchangani mbele ya watu wote, akaishika miguu ya baba yake.

Majirani walisogea karibu kidogo. Kila mtu pale alijua kinachoweza kutoka kinywani mwa baba aliyetendwa hivyo na mwanawe, na jinsi neno lile linavyomfuata mtu na watoto wake. Walingoja walisikie. Naibu wa chifu naye alingoja.

Mzee Mwambire aliwaona. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akainama, taratibu, mpaka kinywa chake kikawa karibu na sikio la mwanawe. Lakini kwa kuwa masikio yake mwenyewe yalikuwa mazito, hakujua kunong'ona, na Kahonzi alisikia, na waliokuwa karibu walisikia.

"Shamba siuzi," alisema. "Na wewe sikulaani. Nilitaka, tangu jana nimetaka. Lakini nikikulaani, na laana ikakupata, watasema wimbo ulikuwa wa kweli."

Aliivuta miguu yake kutoka mikononi mwa mwanawe, mmoja, kisha wa pili, akapanda gari.